Neno Ambalo Hukuniachia

Mzee wangu, Daktari Osmundi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijui kuanza kuongea na wewe kwa njia nyingine.

Nimekuja kukusimulia habari ya Redigunda. Kabla sijafika huko, acha nitoe jambo lililonikaa kooni tangu tulipokuzika kule Mpitimbi. Nimekukasirikia, Mzee. Umekufa vibaya. Sisemi kwa upande wa maumivu, maana Mama, mkeo, anasema ulikuwa unafunga kamba za viatu uende kazini, moyo ukasimama, basi. Kifo kama hicho wengi wanakiomba. Nasema vibaya kwa sababu uliondoka kazi ikiwa mkononi, na lile neno moja tulilokuwa tunalitafuta sote wawili hukuniachia. Nusura mtu afe kwa kukosekana kwake.

Nyumbani kwako hawajambo. Mama amekonda, ila ameanza tena kwenda shamba, na mahindi ya mwaka huu yamemkubali. Watu bado wanazungumzia msiba wako kwa sababu ya yule mtani wako Mhehe. Alivuta kiti akakiweka mbele ya jeneza, akapandisha miwani kwenye paji la uso kama ulivyozoea wewe, akafumbata mikono, akasema, "Endelea, nakusikiliza." Kisha akakaa kimya kabisa, anasubiri uendelee. Ua mzima ulivunjika mbavu, padre naye alicheka. Mimi nilikwenda nyuma ya jiko nikalia huko mpaka kamasi, kwa sababu alikupatia hasa. Hata ile shingo uliyokuwa unaiinamisha kidogo upande wa kulia aliipatia.

Rambirambi zilitoka mpaka nchi za baridi, kwa wale maprofesa uliokuwa ukiandika nao. Walisema umetumia maisha yako kutenganisha magonjwa mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni skizofrenia, ambayo humfanya mtu asikie na kuamini yasiyokuwepo mpaka akapotezana na dunia ya wenzake. La pili ni yale matatizo ambayo kwa Kiingereza yana jina refu: mtu akili yake haijapotea, ila namna yake yote ya kupenda, kuogopa na kukasirika imepinda tangu utotoni, na inamuumiza yeye kuliko anavyowaumiza wengine. Waliandika vizuri. Lakini mimi nilikuwa nakumbuka siku moja tunamenya njugumawe ofisini, ukakatiza habari nyingine, ukasema, "Winfrida, kule mbali wananielewa. Hapa nyumbani nakosa neno moja."

Neno la hilo la pili. Tulilihangaikia sana, Mzee, na mara nyingine tulicheka mpaka wauguzi wakachungulia.

Ulianza na haiba, kwa kuwa ndivyo vitabu vinavyosema. Ukamwambia mzee mmoja wa Mjimwema kwamba binti yake ana ugonjwa wa haiba. Mzee akakutazama, akamtazama binti, akasema, "Dokta, haiba si ndiyo uzuri? Basi huo ugonjwa mama yake hakuwa nao." Ukahamia kwenye nafsi, na familia iliyofuata ikampeleka mgonjwa moja kwa moja kwa katekista ili aandaliwe kuungama. Hulka ukaijaribu kwa mwalimu mkuu, naye akaielewa vizuri sana, ila mkewe hakuielewa, na mkewe ndiye aliyekuwa anamuuguza mgonjwa. Utu hukuthubutu hata kuutamka. Ukimwambia mtu ndugu yake ana ugonjwa wa utu atasikia kwamba ndugu yake hana utu, na hapo umeutukana ukoo mzima.

Tabia ulinikataza. Ulinikataza huku ukigonga meza kwa kidole, wewe ambaye hukuwa mtu wa kugonga meza. "Hilo usilitoe humu ndani. Ukimwambia Mngoni dada yake ana tatizo la tabia, umemwambia dada yake ni malaya." Halafu ukaongeza lile lako la siku zote, kwamba jina la ugonjwa lina miguu, linafika kwao kabla ya mgonjwa.

Sasa Redigunda. Hilo si jina lake, na kaka yake haitwi Gebhardi. Sheria yako naishika hata kwenye barua ambayo haina posta.

Nakumbuka alivyokuwa tulipompokea. Faili lake lilisema skizofrenia tangu zamani, na dawa alizokuwa akichomwa zilimfanya atembee kama aliyebeba ndoo iliyojaa, anaogopa kumwaga. Wewe ndiye uliyetilia shaka. Ulimsikiliza msimu hadi msimu, bila haraka, mpaka mimi nikawa naona unapoteza muda. Ukagundua kwamba ile sauti ya marehemu baba yake haikuja ovyo. Ilikuja mtu anapoondoka. Gebhardi akienda Tunduru kwenye biashara ya korosho, sauti inaanza, na Redigunda anachukua wembe anajikata mikono. Gebhardi akirudi, sauti inanyamaza kabla hata hajashusha mizigo. Ulinionya kwamba hilo peke yake halitoshi kubadili jina la ugonjwa, ukaendelea kuangalia na kuuliza na kuangalia tena. Mwisho ukaridhika kwamba hakuwa na skizofrenia, na huenda hakuwahi kuwa nayo. Ukampunguzia sindano kidogo kidogo. Ukamfundisha kusema "naogopa" kwa mdomo kabla mkono haujatafuta wembe.

Akaamka, Mzee. Uliliona hilo kabla hujafa na nashukuru uliliona. Alilima bustani ya mboga nyuma ya nyumba ya mama yake, akawa anatuletea mboga hizo, likolo, zimefungwa kwenye jani la mgomba. Mahindi yalipandwa, yakavunwa, hakujikata.

Ukaniambia, "Familia tutawaeleza, ila si kabla ya kupata neno." Kisha ukafunga kamba za viatu.

Daktari aliyekuja baada yako ni kijana mwema, mpole, anaamkia hata wafagizi. Usimchukie. Mimi nilimchukia kwa niaba yako, inatosha. Siku hiyo nilikuwa nimekwenda Peramiho kumwona mgonjwa, na Gebhardi akaja kumchukulia dada yake dawa. Akauliza swali ambalo ndugu yeyote angeuliza: mbona sindano zinapungua, ugonjwa umekwisha? Kijana akafungua faili, akasoma Kiingereza chako, akamfafanulia kwa adabu zote. "Kaka, furahi. Dada yako hana kichaa. Ana tatizo la tabia."

Alinisimulia mwenyewe niliporudi, anatabasamu. Alidhani ametoa habari njema. Nikamuuliza huyo kaka alijibu nini.

"Alisimama," akasema. "Halafu akasema, tabia haina dawa. Akaondoka, na dawa akaziacha mezani."

Unajua methali ilivyo kwetu. Mtu akishaitamka, mjadala umefungwa, na atakayeufungua anaonekana anabishana na wahenga. Nilimpigia Gebhardi simu palepale. Hakupokea. Nikapiga tena jioni, akapokea, akaongea kabla sijamaliza salamu.

"Dokta Winfrida, mimi nimemlisha huyu mtu. Nimemwosha damu. Nimeacha mzigo wa korosho njiani Tunduru kwa sababu yake. Nilikuwa namwambia mke wangu, vumilia, si yeye, ni ugonjwa. Kumbe alikuwa ananichezea! Kumbe ni tabia tu!"

Nilijaribu kumweleza. Nilisema haiba, nikasema nafsi, nikasikia sauti yangu inavyobabaika. Ungekuwepo ungeniondolea simu mkononi. Akaniambia ukoo utakaa Jumamosi, na Redigunda atatoka kwenye nyumba ya mama yao. Kanisani wanawake walikwisha anza kusogea akikaa benchi lao. Mkewe hataki watoto waende kwa shangazi yao. "Njoo kama unataka," akasema. "Ila uje na jibu moja. Dada yetu ni mgonjwa, au hana adabu?"

Jibu rahisi lilikuwepo, Mzee, na nilienda nalo siku hizo zote kama mtu aliyebeba kaa la moto kwenye mfuko. Ningelirudisha lile jina la zamani. Ningesema yule kijana mgeni amekosea, ni kichaa kilekile mlichokizoea. Kichaa watu wanakionea huruma. Mtu mwenye kichaa hafukuzwi kwenye nyumba ya mama yake. Angepata paa, angerudishiwa sindano zake, angetembea tena na ndoo yake kichwani, lakini angekuwa hai. Wewe ungegeuka kaburini, najua. Lakini wewe umekwisha kufa. Yeye bado, na mimi ndiye niliyebaki kumwangalia.

Jumamosi nilitangulia mapema ili nimwone yeye kwanza. Nilimkuta nyuma ya nyumba anang'oa mboga zake. Zote. Hata zile changa ambazo hazijafika popote. Amevaa sweta la mikono mirefu na jua limekwisha kuwa kali. Nikamwambia, "Dada, naomba nione mikono." Akapandisha mkono mmoja, kisha wa pili. Palikuwa na jeraha moja jipya, dogo, kama la mtu aliyekuwa anajaribu tu kama kisu kinakata.

"Dokta, utawaambia nini?"

Nilimweleza ukweli. Nikamwambia naweza kumrudishia jina la zamani, na akibaki nalo atabaki nyumbani. Hakuacha kung'oa. Alifika mwisho wa tuta ndipo akajibu.

"Usinirudishe kichaani, dokta. Mle ndani mimi sikuwepo. Nikisema nina njaa, wanasema ni ugonjwa. Nikisema naumia, ni ugonjwa. Nikicheka, wanaitana. Heri waseme nina tabia mbaya. Angalau watakuwa wananisema mimi."

"Na wakikufukuza?"

Akatazama upande wa mtoni, palipo na kina. Mimi na wewe tunajua Redigunda akitazama maji ana maana gani.

Basi nikaingia kwenye kikao cha watu mkononi sina kitu. Jibu langu rahisi alikuwa amelichukua mwenyewe, na la kweli hukuniachia. Nimesimama mbele ya maprofesa wako nikasoma kazi yetu bila woga, lakini siku ile glasi ya togwa niliyopewa niliiweka chini bila kuionja.

Walikaa uani, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, na shangazi yao mkubwa akiwa ndiye msemaji wa mwisho kwa kuwa wazazi wote wamekwisha tangulia. Nilimwamkia, akaitikia bila kunitazama. Redigunda hakuitwa. Alisimama mlangoni mwa jiko. Gebhardi aliongea kwanza, na sitaki umdhanie vibaya. Hakutukana. Alihesabu mambo aliyofanya, moja baada ya jingine, sauti ikimpanda na kushuka, na alipofika kwenye lile neno tabia alishindwa kulitamka mbele ya shangazi yake, akasema "hilo lililosemwa na daktari". Watu wakatazama chini. Ndivyo nilivyojua kwamba wote walilisikia kwa maana ileile.

Halafu akanigeukia. "Haya, dokta. Mgonjwa au hana adabu?"

Nikasimama. Nikasema si kichaa, na si adabu. Nikasema mnawajua watoto wanaovunjika mkono wakafichwa ndani bila kupelekwa kwa mtu wa kuwafunga. Mfupa unaunga wenyewe, lakini unaunga vibaya. Akikua, mkono ule haunyooki. Ukimwambia beba ndoo, anaumia, anaiangusha. Huwezi kusema anafanya makusudi, na huwezi kusema mkono haupo. Nikasema Redigunda alivunjika ndani akiwa mtoto, hakuna aliyemfunga, akaunga hivyo alivyo. Na sasa hivi ananyooshwa taratibu, na mmeona wenyewe mwaka huu alivyokuwa, mpaka lilipotoka neno lisilofaa kliniki kwetu.

Wanawake wawili watatu wakaitikia, "Mmh." Nikaona mabega ya shangazi yanalegea. Nikaanza kudhani nimelipata, Mzee. Nikaanza kudhani ningekuja kaburini kwako nikutambie.

Gebhardi akasema polepole, "Mfupa ulioungana vibaya, fundi wa mifupa anafanyaje?"

Akawageukia wenzake.

"Si anauvunja upya? Ndipo aunyooshe. Babu yetu alikuwa anafanya kazi hiyo, hapa wote tunajua. Basi na sisi tumvunje. Aondoke, akutane na dunia, dunia imnyooshe."

"Kweli," mtu akasema. "Kweli kabisa," na mwingine. Maneno yangu mwenyewe, yamegeuzwa makali yananitazama. Ningekuwa na lile jina la zamani mdomoni dakika ile ningelitema, nakuapia.

Aliyesema ni Redigunda, kutoka mlangoni mwa jiko.

"Nimekwisha vunjwa. Mlikuwepo."

Hakupaza sauti. Shangazi alimwambia anyamaze, naye hakunyamaza. Akaja mpaka katikati ya uwanja, sweta limejaa udongo wa bustani.

"Baba alipokuwa ananifungia ghalani. Gebhardi, nani alikuwa anashika mlango?"

Kwenye karatasi zetu, Mzee, tuliandika kwamba alifungiwa ghalani. Mlango hatukuuliza ulishikwa na nani. Gebhardi aliinamisha kichwa. Shangazi akasema, "Mwanangu, alikuwa mtoto. Baba yenu angemuua." Redigunda akasema anajua, alikuwa mtoto, aliamriwa. Kisha akasema kitu ambacho hakuwahi kuniambia mimi wala wewe, kwa muda wote ule tuliokaa naye na maswali yetu.

"Alikuwa anapitisha vidole chini ya mlango, nivishike. Nikivishika naona hakuna kitu cha kuogopa, hata giza si giza. Halafu anavitoa. Akivitoa tu, ndipo ninapomsikia baba anakuja. Mpaka leo. Akipanda gari kwenda Tunduru, kwangu mimi ametoa vidole."

Tuliandika "sauti huja kaka anapoondoka" ukurasa baada ya ukurasa. Tukaiita dalili. Nilikaa kwenye kiti nilichopewa nikawa natazama miguu yangu.

Gebhardi alisimama, akatoka uani, akashika njia ya shambani katikati ya mabua makavu, tukawa tunasikia tu mabua yanavyopasuka anapopita. Baadaye sana shangazi alijipangusa uso kwa ncha ya khanga akasema, "Leo hakuna kikao. Pakueni chakula." Akasogea kwenye mkeka, akagonga nafasi iliyobaki kwa kiganja, na Redigunda akaenda akakaa.

Usidhani yalikwisha hapo. Wiki iliyofuata nilikuwa naenda kila nikipata nafasi, na simu sikuizima hata usiku. Gebhardi hakurudi siku mbili, na usiku mmoja kati ya hizo Redigunda alilala kwa shangazi, shangazi amemshika kiwiko mpaka asubuhi. Mto uko palepale. Nilimrudishia dawa kidogo za kumtuliza, zile unazozijua, na kijana wetu akaniuliza kwa upole kama angeweza kuja kumwomba radhi. Alikuja. Aliomba radhi vizuri. Njiani akaniambia, "Lakini ndivyo tulivyofundishwa kutafsiri." Nikamwambia najua, na mimi pia.

Siku hizi ukoo wanasema Redigunda anaumwa kuachwa. Shangazi ndiye aliyeanza, na limeshika. Kijana alifurahi sana, akataka tuliingize kwenye ile ripoti uliyoiacha njiani, kama tafsiri mpya. Nikamwambia thubutu! Huyu hajaolewa hata siku moja. Ukimwandikia kuachwa, kliniki nyingine watamwuliza aliachwa na mume gani. Nilijisikia kama wewe nikisema hivyo, mpaka nikagonga meza.

Na sasa la mwisho, ambalo ndilo limenifanya niandike.

Alhamisi Gebhardi alikuja kliniki peke yake. Alikaa foleni na wagonjwa kama mgonjwa. Ilipofika zamu yake aliingia, akakataa kukaa, akasema, "Na mimi nilikuwepo, dokta." Nikamwambia aendelee. Ilichukua muda mrefu kumtoka. Alisema yale Redigunda aliyoyasema uani ni kweli yote, ila kuna moja hakulijua kwa kuwa alikuwa upande wa pili wa mlango, gizani.

"Vidole sikuwa navitoa mimi," akasema. "Baba alikuwa anavikanyaga."

Nilimuuliza kama dada yake anajua. Akatikisa kichwa. Alimaliza utoto, akaoa, akazaa, akamwosha dada yake damu, hakuwahi kumwambia. Nikamuuliza kama angependa kumwambia. Akasema labda, kama mtu angekuwepo.

Jana walikuja wote wawili. Nilikaa kando, Mzee, nikafunga mdomo, kazi ngumu kuliko zote ulizonifundisha. Gebhardi alisema akiwa anatazama ukutani. Alisema kila kitu, buti za baba, sauti ya baba ikisema "toa mkono", namna alivyorudi kila mara kuvipitisha vidole tena baba akishaondoka. Redigunda alisikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa namwangalia mikono, kama ilivyo desturi yangu sasa, na haikwenda popote. Kisha akamwuliza kaka yake, taratibu kabisa, kama mtu anayemwuliza mtoto:

"Viliuma?"

Nakuaga, Baba yangu. Kazi yako nitaimaliza, na kwenye ripoti nitaandika wazi kwamba neno hatukulipata, waseme wanavyotaka. Nakuahidi Redigunda hatarudi kichaani kwa mkono wangu, hata siku ambayo itakuwa rahisi kwangu na kwa wote. Na ukoo ukibadilika, kwangu Mjimwema kuna chumba. Hasira yangu kwako haijaisha yote. Iliyobaki nitakuja nayo Mpitimbi siku ya misa yako, nikae nayo hapo pembeni yako mpaka iishe.

Pumzika.

Mwanao,
Winfrida